Mjomba Anashinda Bao, Paa Halijaezekwa

Kete ya mwisho iliangukia shimo lenye wenzake, na mkabala wake shimo la jirani lilikuwa limejaa. Mjomba akala. Akazitembeza kutoka kichwani mwa safu, akala tena, akazunguka, na alipolala, yaani zamu yake ilipokoma, safu ya mbele ya jirani ilikuwa tupu.

Barazani watu wakapiga kelele. Jirani akakusanya kete na kusema, bila ubaya wowote: "Na huyu ndiye mnayesema ubongo umeguswa?"

Sikumjibu. Nilikuwa naangalia uani kupitia mlango uliokuwa wazi. Jiko halina paa tangu upepo ulipoling'oa. Bati mpya zimeegemezwa ukutani na zimeshaanza kushika kutu pembeni. Dirishani kuna mifuko ya misumari ya bati, mmoja juu ya mwingine, kwa sababu kila akienda dukani Mjomba ananunua misumari. Mbao za kenchi hazijaagizwa. Fundi aliitwa, akaja, akakuta hakuna mbao, akaenda zake.

Huyu ni mtu aliyekuwa akisimamia ujenzi. Kabla ya ajali ya pikipiki alikuwa anasimama kwenye kiwanja kitupu na kukutajia matofali mangapi, tripu ngapi za mchanga na siku gani ya kumwaga zege, bila kushika kalamu.

Hospitali walimpima. Akachora saa, akaunganisha namba kwa mfuatano, akarudia maneno aliyosomewa. Wakasema yuko vizuri.

Nyumbani likabaki neno moja: uvivu.

Shanga tatu

Swali la jirani lilinikaa kooni kwa wiki kadhaa, kwa sababu lina mantiki. Bao ni mipango. Mtu anayeweza kuona mbali kwenye ubao wenye mashimo 32 na kete 64, anashindwaje kuona kwamba bati haliwezi kupigiliwa hewani?

Nikaanza kusoma jinsi wanasaikolojia wanavyopima uwezo wa kupanga. Nilitegemea kukuta mashine. Nikakuta shanga.

Mwaka 1982 Tim Shallice, mwanasaikolojia wa London, alichapisha kipimo kinachoitwa Mnara wa London. Vijiti vitatu vya urefu tofauti vimesimama kwenye kibao: kimoja kinabeba shanga tatu, cha pili mbili, cha tatu moja tu. Shanga zenyewe ni tatu, nyekundu, kijani na buluu. Mtahini anakuonyesha zinavyotakiwa kukaa, nawe unazifikisha huko kwa kuhamisha moja moja, kwa hatua chache iwezekanavyo. Mafumbo mepesi yanakwisha kwa hatua mbili. Magumu yanataka tano.

Hatua tano si kitu. Ugumu uko kwingine. Chukua fumbo ambalo kijani inatakiwa iishie kwenye kijiti kifupi, na sasa hivi iko juu kabisa, tayari kushikwa. Mkono unawasha. Lakini kijiti hicho kinabeba shanga moja tu, na buluu inatakiwa ipumzike hapo kwa muda ili nyekundu itoke chini. Ukiiwahisha kijani umejifungia njia. Inabidi kwanza uiweke mahali isipotakiwa kukaa, uliache lengo ili ulifikie, na hayo yote uyaone kabla hujagusa kitu.

Kipimo hiki ni mjukuu wa mchezo wa zamani, Mnara wa Hanoi, ambao mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas aliutoa mwaka 1883: visahani vya ukubwa tofauti, usiweke kikubwa juu ya kidogo. Visahani vitatu vinataka hatua 7, vitano hatua 31. Herbert Simon na Allen Newell, Wamarekani waliotaka kujua kichwani mwa mtu kunapita nini anapofumbua fumbo, walitumia mafumbo ya aina hii pamoja na mbinu ambayo naona ni ya kijasiri kwa urahisi wake. Walimwambia mtu afikiri kwa sauti. Kila neno likarekodiwa, hata miguno, kisha wakaandika programu ya kompyuta inayojaribu kupita njia ileile hatua kwa hatua. Kwao tatizo lina mahali pa kuanzia, mahali pa kufikia, na hatua zinazoruhusiwa katikati. Unaangalia tofauti kati ya ulipo na unakokwenda, unachagua hatua ya kuipunguza, na hatua hiyo ikizuiwa, unajiwekea lengo dogo la kuondoa kizuizi.

Shallice aliwapa shanga zake watu waliokuwa na majeraha sehemu mbalimbali za ubongo. Walioumia mbele upande wa kushoto walifanya vibaya kuliko wengine. Baadaye zikaja mashine za kupiga picha ubongo ukiwa kazini, na watu wasio na majeraha wakalazwa humo wakifumbua mafumbo ya namna hii. Gamba la mbele, nyuma ya paji la uso, likaonekana likizidi kufanya kazi kadiri hatua zinavyoongezeka.

Basi. Kupanga kukapata anwani.

Ila mimi nilibaki palepale. Shanga hizo Mjomba angezipanga huku anapiga soga.

Nyama haijabandikwa

Kilichonigeuza ni habari ya zamani zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 1928 Wilder Penfield, daktari mpasuaji wa Montreal, alimpasua kichwa dada yake mwenyewe. Alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, na ili kuufikia Penfield aliondoa sehemu kubwa ya mbele upande wa kulia. Dada akapona kidonda. Alizungumza vizuri, alikumbuka mambo, adabu na ucheshi wake vilikuwa vilevile.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye akamwalika kaka yake chakula cha jioni. Kilikuwa chakula cha kawaida tu, mgeni mmoja na watu wanne wa nyumbani, na alikuwa na siku nzima ya kukiandaa. Saa ilipofika Penfield alimkuta jikoni. Vyakula vyote vilikuwepo. Kitu kimoja au viwili vilikuwa motoni. Kachumbari haikuwa tayari, nyama haijabandikwa, na dada mwenyewe amechanganyikiwa na kuchoka kwa kuhangaika peke yake kutwa nzima.

Wakamsaidia. Chakula kikaiva haraka, wakala, na mezani dada alizungumza na kucheka kama kawaida yake.

Penfield aliandika hayo mwaka 1935, pamoja na Joseph Evans, katika jarida la kitabibu. Nimeyasoma mara nyingi na kila mara nakwama kwenye hiyo sentensi ya msaada. Alijua kupika nyama. Alijua kukata kachumbari. Hakuna pishi hata moja pale ambalo lilimshinda. Kilichomshinda ni kuyafanya yote yakutane saa moja, na mtu mwingine alipoingia jikoni na kushika kazi hiyo, tatizo likaondoka kana kwamba halikuwepo.

Sasa ungempima vipi mtu huyo mezani, kwa karatasi na kalamu?

Bei ya nyanya

Shallice yuleyule wa shanga ndiye aliyelishika swali hilo, na hilo limenifanya nimheshimu. Wengi wakishabuni kipimo kinachobeba jina lao huzeeka wakikitetea.

Mwaka 1991, yeye na Paul Burgess walieleza habari za wagonjwa watatu walioumia kichwa mbele. Alama zao za akili zilikuwa juu ya wastani. Vipimo vingi vya mezani havikuonyesha kasoro inayoweza kueleza maisha yao. Na maisha yao yalikuwa yamevurugika: kazi haziendi, nyumba hazina mpangilio, mambo madogo yanaachwa nusu.

Kwa hiyo watafiti wakatoka nje. Wakawachukua hadi mtaa wa maduka wa London na kuwapa orodha. Nunua vitu kadhaa, mkate wa ngano nzima ukiwamo. Uwe mahali fulani baada ya dakika 15. Tafuta taarifa nne uziandike kwenye kadi ya posta: moja ni bei ya ratili ya nyanya, nyingine ni mahali palipokuwa na baridi kuliko kwingine Uingereza jana yake. Tumia pesa kidogo kadiri uwezavyo, na usiingie duka lolote kama hununui kitu.

Watafiti wakawafuata kwa nyuma wakiandika.

Unaweza kuona jinsi orodha hii ilivyo rahisi. Mtoto wa darasa la sita anatumwa vitu kama hivyo kila siku. Wagonjwa wale waliivuruga. Walirudi duka moja mara mbili, wakasahau sharti walilokuwa wamelirudia wenyewe kwa mdomo, wakashughulikia jambo moja mpaka mengine yakapitwa na wakati. Watu wasio na majeraha walikosea pia hapa na pale, lakini si kwa kiasi hicho.

Mtu yuleyule, kichwa kilekile, mezani mzima na mtaani mgonjwa.

Anayekupa tatizo

Nimefikiri sana kuhusu meza. Ukikaa mbele ya Mnara wa London, mtahini ameshakufanyia kazi nyingi kabla hujagusa shanga. Amekuambia unatakiwa kufika wapi. Amekuambia hatua zipi zinaruhusiwa. Ameondoa kila kitu kisichohusika, simu, majirani, njaa. Amekuambia anza. Na atakuambia basi. Yote hayo ni mipango, na imefanywa na ubongo wa mbele wa mtu mwingine aliyeketi upande wa pili wa meza.

Kinachobaki kwako ni kufumbua. Ni kazi ngumu, sikatai. Lakini kipimo kinaweza kukusifu kwa sehemu uliyobaki nayo na kisikuulize kabisa ile uliyopoteza.

Vinod Goel na Jordan Grafman waliwahi kuhoji, mwaka 1995, kama Mnara wa Hanoi unapima kupanga au unapima jambo jembamba zaidi, yaani uwezo wa kuliweka lengo pembeni pale hatua ya lazima inapokwenda kinyume nalo. Miaka mitano baadaye walitoa habari ya mgonjwa mmoja ambayo kwangu ina uzito kuliko hoja yenyewe.

Alikuwa msanifu majengo, umri wake 57, ameumia mbele upande wa kulia. Walimpa kazi ya fani yake: apange upya maabara yao. Saa mbili, karatasi, penseli. Pembeni wakampa kazi hiyohiyo msanifu mwingine asiye na jeraha.

Elimu yake ilikuwa imekaa sawa. Aliichambua kazi kitaalamu, akaeleza nafasi inahitaji nini, watu watapita wapi. Akaendelea kueleza. Msanifu wa pili alishaanza kuchora. Yeye bado alikuwa akilizunguka tatizo. Theluthi mbili za muda zilipita kabla hajaanza mchoro wa awali, na ulipokuja ulikuwa vipande vitatu visivyohusiana, hakuna kilichokua kutoka kwa kingine. Hatua ya mchoro kamili hakuifikia.

Pale tu maelezo yalipotakiwa kugeuka mchoro, pakakatika.

Niliposoma hapo nilisimama, nikampigia simu mama. Nikamuomba amuulize Mjomba, bila kumshtua, paa la jiko linaezekwaje. Mama akaniwekea sauti ya nje. Mjomba akaeleza tena kwa ustadi: kwanza kuagiza mbao, ziwe zimekauka, kisha kenchi, halafu papi, kisha bati zianzie upande upepo unakokwenda ili maungio yasifunuliwe. Akataja na dawa ya mchwa.

Mama akasema, "Si unasikia? Anajua kila kitu."

Anajua.

Kuna mgonjwa mwingine mashuhuri katika maandiko haya, anayejulikana kwa herufi EVR, ambaye Paul Eslinger na Antonio Damasio walimweleza mwaka 1985. Mhasibu, aliyetolewa uvimbe mbele ya ubongo. Akili yake ilipimwa na kukutwa ya juu sana. Kuchagua mahali pa kula kulimchukua saa nzima na zaidi: atajadili viti vimepangwaje, orodha ya chakula, hali ya ukumbi, uongozi, kisha aendeshe gari kupita nje kuona kama pamejaa, na bado asiamue. Mwalimu Nyerere alituachia kauli kwamba kupanga ni kuchagua. EVR alikuwa na kila kitu cha kupangia isipokuwa hilo la pili.

Na bao je?

Bado bao lilikuwa halijajibiwa. Hapa nakiri sina uhakika kamili, ila nitaandika ninavyoelewa.

Mholanzi Adriaan de Groot alichunguza wachezaji wa sataranji na kuchapisha matokeo mwaka 1946. Watu walidhani bingwa anaona hatua nyingi zaidi mbele. De Groot alikuta mabingwa hawachimbi mbali sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Tofauti ni kwamba hatua nzuri inawajia mapema, kwa kutazama. William Chase na Herbert Simon yuleyule wakaongeza mwaka 1973: mwonyeshe bingwa ubao wa mchezo halisi kwa sekunde chache, atakupangia upya karibu wote, changanya vipande ovyo, naye anarudi kuwa karibu sawa na mwanafunzi. Anachokiona ni maumbo aliyoyazoea kwa miaka.

Bao lenyewe nalo limechunguzwa. Alexander de Voogt alifanya utafiti na mabingwa wa Zanzibar, na tasnifu yake aliitetea Leiden mwaka 1995. Kila aliyewahi kucheza anajua kwa nini mtu angesafiri kwa ajili hiyo. Hatua moja ya mtaji, yaani ya kula, inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa, ikila na kubadilisha kila shimo inapopita, na bingwa anakuambia itakapolala kabla hajainua kete.

Kwa hiyo nikimtazama Mjomba barazani, siwezi kusema kwa hakika kwamba anapanga. Huenda anaona. Ameanza kucheza akiwa kijana, ubao umejaa maumbo anayoyafahamu. Na hata kama anapanga, ubao unampa kila alichokuwa anapewa na meza ya hospitali: lengo halibadiliki, kanuni zinajulikana, zamu inapokezana. Akichelewa, jirani anamwambia, "Cheza, bwana."

Uani hakuna anayemwambia cheza.

Simaanishi kwamba nimempa ugonjwa kwa kusoma makala. Mimi si daktari, na picha ya ubongo wake sijaiona. Na hata picha hiyo ingekuwa na mipaka yake. Mashine ya MRI inataka ulale chali, kichwa kisitikisike. Ikitumika kutazama ubongo ukiwa kazini, inapima mabadiliko ya damu yenye oksijeni, ambayo huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya kazi ya neva. Mafumbo yanaingia humo bila shida. Mtaa wa maduka hauingii, wala wiki mbili za kuezeka jiko. Ndiyo maana tunajua mengi sana juu ya kupanga kwa sekunde 20 na machache sana juu ya kupanga kwa siku 20, na kwa maoni yangu hilo la pili ndilo lenye kuvunja nyumba za watu.

Mlio

Jambo la mwisho nililolikuta ni dogo, na ndilo nililolibeba kwenda nalo nyumbani.

Mwaka 2002 Tom Manly na wenzake Uingereza waliwapa wagonjwa 10 walioumia ubongo kazi za kuigiza ofisi ya hoteli: kupanga bili, kutenganisha sarafu, kutafuta namba za simu na kadhalika. Dakika 15. Kila kazi peke yake ingeweza kula muda wote, na maagizo yalikuwa uguse zote. Wagonjwa walizama kwenye moja na kuzisahau nyingine. Kisha wakarudia kazi ya aina hiyo, safari hii mlio mfupi ukisikika mara chache. Mlio haukusema chochote. Walikuwa wameambiwa tu kwamba wakiusikia wakumbuke wanachotakiwa kufanya.

Wakafanya karibu sawa na watu wasio na majeraha.

Hakuna aliyewaambia wahamie kazi ipi. Walijua wenyewe, kama dada yake Penfield alivyojua kupika. Walihitaji kitu cha nje cha kuwakata katikati.

Nilimweleza mkaza mjomba haya, na wazo langu la kuitega simu ya Mjomba iwe inalia kama ule mlio, tukiwa tunachambua mchele, jikoni kusiko na paa, jua likituchoma visogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Anajua ubishi wa uvivu kuliko sisi wote, maana ndiye anayeishi nao. Hakushangaa. Alisema tangu ajali yeye ndiye anayemwambia Mjomba "haya sasa oga", "haya sasa mpigie fulani", na kwamba siku asipokuwepo nyumbani siku hiyo inapita tu.

Kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, na hiyo simu ya kulia, ataitega nani?"

Nikamwambia nitaitega mimi. Ila isilie saa za kula wala za sala, maana saa hizo Mjomba keshazizoea na hataisikia. Ilie ovyoovyo, kama ilivyokuwa kwa Manly, na barazani akiwa kwenye bao tuizime.

"Izime kabisa," akasema. "Pale hana haja nayo."